Povu Chini ya Ardhi ya Singida: Nani Anazijua Hesabu Zake?

Historia ya miundombinu katika nchi yetu imezoea kuandikwa kwa chuma na kwa majina ya wakubwa. Reli ya Kati huelezwa kwa mataruma yake na kwa miaka ilipofika Tabora (1912) na Kigoma (1914), huku Manyoni na Itigi zikitajwa kama vituo tu vya kupitia. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, huelezwa kwa urefu wake wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na kwa siasa za Rhodesia zilizolizaa. Sasa Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, limeanza kuandikwa kwa mtindo uleule: jiwe la msingi lililowekwa Chongoleani, Tanga, tarehe 5 Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, mikataba iliyofuata, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi bahari ya Hindi, ambazo 1,147 kati yake ziko Tanzania.

Makala haya yanajaribu kuiandika historia hiyo kutoka upande mwingine, upande wa kitu ambacho hakitajwi katika hotuba. Bomba hilo, linapopita Iramba, Mkalama na Singida Vijijini, halizikwi likiwa chuma kitupu. Limevikwa koti la povu gumu la plastiki, aina ya poliyurethani, na juu ya povu hilo ganda la plastiki nyingine. Hoja yangu ni kwamba bila povu hilo bomba hili lisingewezekana kwa namna lilivyobuniwa. Na kwamba swali la nani anaelewa jinsi povu hilo linavyoumbika ni swali la kisiasa, si la maabara peke yake.

Tuanze na sababu. Mafuta yaliyogunduliwa kandokando ya Ziwa Albert mwaka 2006 yana nta nyingi. Yakipoa hadi joto la kawaida la udongo wetu huganda, kama samli inavyoganda asubuhi ya Juni katika nyanda za juu za Singida. Mafuta yaliyoganda hayasukumiki kwa pampu yoyote. Kwa hiyo wabunifu waliamua kwamba yasafirishwe yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi, njia nzima, kwa siku nyingi za safari, huku nyaya za umeme zikisaidia kuyapasha. Hapo ndipo povu linapoingia. Chuma hupitisha joto kwa urahisi mkubwa. Povu gumu la poliyurethani hulipitisha kwa kiwango kilicho chini kuliko cha chuma cha kawaida takriban mara 2,000. Koti la sentimita chache tu ndilo linaloamua kama gharama ya kupasha moto itabebeka au la.

Kazi ya kuyavika mabomba hayo koti lake imefanyika jirani kabisa na Singida. Kiwanda kilijengwa katika kijiji cha Sojo, wilayani Nzega, mkoani Tabora, na kikazinduliwa Machi 2024. Kila kipande cha bomba kina urefu wa mita 18. Mtu akigawanya mwenyewe ataona kwamba safari nzima inahitaji vipande takriban 80,000. Kwa maneno mengine, mojawapo ya kazi kubwa za kutengeneza povu gumu katika historia ya Afrika Mashariki imefanyika baina ya mashamba ya pamba ya Nzega na ya alizeti ya Iramba, na wengi wetu hatukuitambua kuwa ni tukio la kihistoria.

Povu lenyewe lina historia ya karibu miaka tisini. Mwaka 1937 mwanakemia Mjerumani Otto Bayer na wenzake, katika maabara za Leverkusen, waligundua kwamba vimiminika viwili, isosianati na polioli, vikichanganywa hushikana na kuwa plastiki. Baadaye ikaonekana kwamba maji kidogo yakiingia katika mchanganyiko huo hutoa gesi ya kabonidayoksaidi, na plastiki huumuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili povu hilo lilienea: laini kwa ajili ya magodoro, gumu kwa ajili ya kuta za majokofu, meli za samaki na mabomba ya maji ya moto katika miji ya Skandinavia. Kwetu sisi lilifika kimyakimya. Sanduku la kubebea chanjo, ambalo muuguzi hulifunga nyuma ya pikipiki kwenda vijiji vya Wahadzabe wa Mkalama, kwa kawaida lina povu hilohilo katikati ya kuta zake. Kazi yake huko ni kinyume cha kazi yake katika bomba, maana hapa huzuia joto lisiingie na kule huzuia lisitoke. Lakini elimu ni moja.

Msomaji asiye mwanasayansi anaweza kuielewa elimu hiyo kwa kulifikiria andazi. Unga, maji na hamira vikichanganywa, mambo mawili hushindana: hamira hutoa gesi inayolisukuma donge lipande, na donge lenyewe hukazana ili liishikilie gesi hiyo. Hamira ikiwahi kabla donge halijakaza, viputo huungana, hupasuka na andazi hunywea. Donge likikaza mapema, halipandi. Povu gumu hufuata kanuni hiyo, ila mashindano huisha kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache, na mmenyuko wenyewe hutoa joto kali: kiini cha donge kubwa la povu kinaweza kupita nyuzi 150. Joto hilo huharakisha mmenyuko, mmenyuko ulioharakishwa huongeza joto, gesi hutanuka, mnato hupanda kutoka hali ya majimaji hadi hali ya kigumu. Matokeo yake ni kitu ambacho zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake ni gesi iliyofungiwa ndani ya vijumba vidogo. Kinachozuia joto hasa ni gesi hiyo. Plastiki ni kuta tu za vijumba.

Je, mtu anawezaje kutabiri vijumba hivyo vitakuwa na umbo gani na ukubwa gani? Swali hili lilianza zamani kuliko plastiki yenyewe. Mwaka 1873 Joseph Plateau, Mbelgiji aliyekuwa amepofuka, alichapisha kanuni za jinsi tando za sabuni zinavyokutana. Mwaka 1887 Lord Kelvin aliuliza ni umbo gani linaloweza kuijaza nafasi yote kwa viputo vyenye ujazo sawa huku likitumia kuta chache kabisa. Akapendekeza umbo la nyuso 14. Mwaka 1993 Denis Weaire na Robert Phelan wa Dublin walionyesha kwa kompyuta mpangilio unaolishinda umbo hilo kwa takriban asilimia 0.3. Warina asali wa Manyoni na Itigi hawatalishangaa swali hilo, maana nyuki wao walilijibu kwa namna yao katika sega lenye pembe sita. Uthibitisho kamili wa kihisabati kwamba pembe sita ndizo zinazookoa nta kuliko maumbo mengine ulitolewa na Thomas Hales mwaka 1999.

Kiwanda, hata hivyo, hakihitaji umbo kamilifu. Kinahitaji kujua kama povu litaijaza nafasi iliyopo kati ya chuma na ganda bila kuacha mashimo, kama litashika chuma sawasawa, na kama densiti yake itakuwa ileile mwanzo na mwisho wa bomba. Hilo hutafutwa kwa modeli ya kihisabati: mlinganyo mmoja wa kasi ya mmenyuko, mwingine wa joto, mwingine wa gesi inayotolewa na kuyeyuka, mwingine wa mnato, vyote vikitatuliwa kwa pamoja sekunde baada ya sekunde. Bila modeli, fundi hujaribu na kutupa. Na jaribio moja lililoshindwa ni kipande cha chuma cha mita 18. Akiwa nayo, anajua kabla ya kumimina ni joto gani la mabomba, ni kiasi gani cha kichocheo na ni kasi gani ya kuchanganya itakayompa povu zuri.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa wanafunzi walitafakari. Miongoni mwa kazi zinazorejelewa sana katika fani hii ni ile iliyochapishwa mwaka 1994 na Baser na Khakhar, iliyoeleza kwa milinganyo jinsi povu la poliyurethani linavyopanda likiumuliwa kwa maji na kwa gesi ya R-11. Haikuandikwa Leverkusen wala Marekani. Iliandikwa katika Taasisi ya Teknolojia ya India, Bombay. Nchi iliyokuwa ikihesabiwa miongoni mwa nchi maskini ilikuwa na chuo kilichoweza kuichukua bidhaa ya wakubwa, kuifungua na kuieleza kwa hesabu zake yenyewe. Uwezo huo ulitokana na vyuo vilivyoanza kujengwa mara baada ya uhuru wa India na kulindwa na serikali zilizofuatana. Tangu hapo yeyote aliyetaka kutengeneza modeli ya povu, awe Mzungu au Mchina, alilazimika kusoma walichoandika watu wa Bombay.

Nasi hatukukosa vipaji. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ungali moto uliganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Aliuliza, akachekwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena mbele ya Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na safari hii alisikilizwa. Mwaka 1969 waliandika makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wa dunia wanabishana kuhusu jambo linaloitwa kwa jina lake. Watanzania tunapenda kukisimulia kisa hiki kwa fahari. Nadhani tungekisimulia pia kwa uchungu kidogo. Mtanzania aliuliza swali la joto, lakini maabara nyingi zilizoendelea kulichunguza kwa miongo iliyofuata zilikuwa za wengine. Swali tulikuwa nalo. Taasisi za kulilea hatukuzijenga kwa kiwango kilichotosha.

Gharama ya kutoijua kemia ya plastiki si jambo la kubuni kwetu, na ushahidi wake uko hukohuko bomba linakoishia. Katika miaka ya 1960 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na Tanga ilikuwa moyo wake. Singida ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyowatoa manamba waliokwenda kuukata. Kisha kamba za plastiki, zilizobuniwa katika maabara za mbali, zikaingia sokoni na bei ya mkonge ikaporomoka. Wapo wanaolaumu utaifishaji wa 1967 na usimamizi mbovu, nao wana sehemu ya ukweli. Lakini hata mashamba yaliyosimamiwa vyema duniani hayakuweza kuizuia plastiki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wetu ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Kijana wa Kinyaturu aliyerudi nyumbani mikono mitupu alikuwa ameshindwa na mlinganyo wa kemia ambao hakuna aliyewahi kumfafanulia.

Kuna somo jingine katika hamira ya povu. Kwa miongo mingi gesi iliyopendwa na watengenezaji wa povu gumu ilikuwa hiyo R-11, maana upitishaji wake wa joto ni takriban theluthi moja ya ule wa hewa. Ikabainika kwamba inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliipiga marufuku kwa hatua, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010. Gesi nyingi zilizoshika nafasi yake zikaonekana kuongeza joto la dunia, na mwaka 2016, hapa jirani Kigali, mataifa yakakubaliana kuzipunguza nazo. Lakini mwaka 2018 wanasayansi waliokuwa wakipima hewa walitangaza kwamba kiasi cha R-11 angani hakikuwa kikipungua kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata sehemu kubwa ya chanzo chake ikaelekezwa mashariki mwa China, na viwanda vya povu vikashukiwa. Dalili ya kwanza haikutoka kwa mkaguzi aliyegonga mlango wa kiwanda. Waliogundua ni watu waliojua hesabu: kiasi gani cha gesi kinabaki ndani ya povu, na kiasi gani huvuja kila mwaka. Mtumishi wa umma anayesimamia mazingira na asome kisa hicho mara mbili.

Nirudi Singida. Katika mjadala wa EACOP nchini na nje, sauti zimekuwa mbili. Moja husema mradi ni ajira, mapato na heshima ya kanda. Nyingine husema ni hatari kwa tabianchi, kwa ardhi na kwa haki za watu. Sauti hiyo ilifika hadi Bunge la Ulaya mwaka 2022, na hadi Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2023 iliitupilia mbali kesi kwa sababu za muda wa kuifungua. Sitaki kuudharau upande wowote. Ninachosema ni kwamba pande zote mbili zimebishana juu ya mafuta na ardhi, zikaacha kuuliza juu ya kitu kitakachobaki ardhini baada ya mafuta kwisha.

Maana povu huzeeka. Gesi iliyofungiwa katika vijumba hupenya polepole kutoka nje, hewa huingia mahali pake, na uwezo wa kuzuia joto hupungua. Maji yakipata ufa katika ganda, hupungua kwa haraka zaidi. Kila upungufu ni umeme wa ziada wa kupasha mafuta, na umeme huo ni gharama itakayotokea katika vitabu vya hesabu ambavyo serikali mbili, kupitia hisa zao za asilimia 15 kila moja, zina maslahi navyo. Nani kwa upande wetu atakayeweza kusema, mwaka wa kumi na tano, kwamba povu la kipande kinachopita Iramba linazeeka kama ilivyotabiriwa au kwa kasi zaidi? Atakayeweza ni yule mwenye modeli, mwenye kumbukumbu za kila kipande kilivyotengenezwa, na mwenye elimu ya kuzisoma. Asipokuwapo, tutapokea taarifa ya mkandarasi na kuipigia muhuri.

Yapo pia mapafu ya wafanyakazi. Mvuke wa isosianati unajulikana kuwa chanzo cha pumu ya kazini. Mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo humrudishia ugonjwa. Kijana aliyefanya kazi ya povu miaka miwili kisha akarudi kijijini kulima anaweza kuanza kukohoa mbele ya tabibu ambaye hajawahi kulisikia neno isosianati. Kumbukumbu ya afya ya wafanyakazi hao inapaswa kuwafuata hadi zahanati za vijijini kwao. Isifungiwe katika kabati la mradi.

Na lipo swali la mwisho wa bomba. Sheria zetu za mafuta na mazingira zinadai mpango wa kufunga mradi, na hilo ni jema. Lakini povu hili halirudi kuwa mafuta, wala haliyeyuki likafinyangwa upya kama ndoo ya plastiki. Katika ukanda wa mita 30 ambao wakulima waliupisha, mjukuu atakayelima alizeti atakuwa juu ya chuma kilichovikwa plastiki, ama kilichoachwa ama kitakachong'olewa. Uamuzi huo unahitaji wanakemia wa kwetu mezani, si wanasheria peke yao.

Wapo watakaouliza: Singida inahusikaje na kemia? Jibu langu ni kwamba inahusika kuliko inavyodhani. Polioli, nusu ya povu, si lazima itokane na mafuta ya petroli. Mafuta ya nyonyo, mmea unaoota wenyewe kandokando ya mazizi, ni polioli kwa asili yake. Mafuta ya alizeti na ya soya yanaweza kugeuzwa kuwa polioli kwa kemia inayofundishwa vyuoni. Sisemi tuyachukue mafuta ya kupikia ya nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje na kuyafanya plastiki. Hilo lingekuwa kosa. Nasema mkoa ulio miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti na ulio na ardhi kavu inayoistahimili nyonyo ungestahili kuwa na watu wanaoweza kulichunguza swali hilo kwa hesabu kabla mtu wa mbali hajaja kulijibu kwa niaba yao.

Wala wazo la kuzuia joto si geni huko. Tembe la Mnyaturu, lenye kuta nene na paa la udongo, lilikuwa jibu la watu waliojua kwamba mchana wa nyanda hizo huchoma na usiku wake huuma. Kampeni za nyumba bora baada ya uhuru ziliona tembe kuwa alama ya unyonge na zikasifu bati, ambalo huchemka mchana na kupoa usiku. Hatukupima, tulihukumu kwa macho. Leo tunazika plastiki ghali ya kuhifadhi joto chini ya vijiji ambavyo tuliviambia visahau namna yao ya kulihifadhi.

Nini kifanyike? Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya mafuta, za mwaka 2017, zinazungumzia uhawilishaji wa teknolojia. Katika utekelezaji, maneno hayo mara nyingi hupimwa kwa idadi ya madereva, walinzi na wapishi walioajiriwa. Kipimo kingine kinawezekana. Kumbukumbu za uzalishaji wa povu la kila kipande zihifadhiwe pia katika taasisi ya umma, na vyuo vyetu vikuu vipewe ruhusa ya kuzisoma. Vipande vya majaribio viachwe kwa ajili ya utafiti wa uzee wa povu katika udongo wetu, kwani udongo wa Singida si udongo wa Denmark. Na wanafunzi wa uhandisi wa kemia wapewe tatizo hili kama mada ya shahada za uzamili: chukua milinganyo iliyochapishwa Bombay, weka joto na urefu wa bomba letu, kisha tueleze unachokiona.

Hilo la mwisho halihitaji idhini ya kampuni yoyote. Milinganyo iko wazi kwa umma tangu mwaka 1994, na kompyuta ya kawaida inatosha kuitatua. Mwanafunzi anayesoma makala haya anaweza kuanza wiki hii.